Madai ya Bima na Makadirio ya Matengenezo ya Pikipiki: Somo kwa Wananchi kwa Mifano ya Shinyanga na Geita

Wananchi wanaomiliki pikipiki, pamoja na wale wanaoziendesha kwa mkataba, wanatanabahishwa kwamba haki ya kulipwa fidia ya bima aghalabu haipotei mahakamani wala katika ofisi ya kampuni. Hupotea siku ya kwanza tu baada ya ajali, pale pikipiki inapofikishwa kwa fundi na kufunguliwa kabla ya mtu yeyote wa bima kuiona. Somo hili limekusudiwa kueleza, hatua kwa hatua, namna dai linavyoandaliwa, namna makadirio ya matengenezo yanavyoandikwa, na mambo yanayoweza kulivunja dai lililokuwa la haki.

Mifano imechukuliwa kutoka Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kwa sababu mbili. Kwanza, huko pikipiki ni nguzo ya maisha ya watu wengi. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama kwa wakati huo, mwaka 2001. Mwaka 2012 ukaundwa Mkoa wa Geita kutokana na sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Miji kama Kahama na Katoro imekua kwa kasi, na baina ya miji na machimbo ya wachimbaji wadogo, kama yale ya Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, abiria, maji, chakula, mafuta na hata viroba vya mawe yanayopelekwa kwenye makarasha husafirishwa kwa pikipiki. Pili, barabara kuu itokayo Isaka kupitia Kahama, Ushirombo na Runzewe hupitisha malori yaendayo Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pikipiki na lori hukutana katika njia moja, na yanapogusana si vigumu kujua kipi kitaharibika.

Ikumbukwe kwamba mambo ya usalama barabarani na bima ya lazima yanayotajwa humu ni yale ya sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya usafiri wa barabarani. Hata hivyo, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, husimamia biashara ya bima katika pande zote mbili za Muungano, na kanuni za kuandaa dai ni zile zile. Kwa hivyo msomaji wa Unguja na Pemba naye atapata faida.

1. Jua kwanza umekata bima gani

Wazee watakumbuka kwamba baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya bima Bara ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na Zanzibar ikaanzisha Shirika lake la Bima mwaka 1969. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na Sheria ya Bima Namba 10 ya mwaka 2009 ikaiweka TIRA katika usimamizi. Leo kampuni ni nyingi na mawakala ni wengi zaidi. Yampasa mwenye pikipiki ajue jina la kampuni iliyobeba bima yake, si jina la wakala aliyepokea fedha peke yake.

Bima za vyombo vya moto zinazojulikana zaidi ni mbili. Ya kwanza ni ile iitwayo bima ndogo, nayo ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Bima hii humlinda mtu wa tatu, yaani yule aliyeumizwa au aliyeharibiwa mali na pikipiki yako. Haitengenezi pikipiki yako. Ya pili ni bima kubwa, ambayo pamoja na kumlinda mtu wa tatu hulipa pia uharibifu wa pikipiki yenyewe na, kwa kadiri mkataba ulivyoandikwa, wizi na moto.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu hubandika stika, akaamini amekata bima ya kila kitu. Anapoanguka katika tope la mbuga wakati wa masika akavunja taa na kupinda rimu, huenda kwa wakala kudai. Ikiwa ana bima ndogo tu, hana dai. Si dhulma, wala si hila ya kampuni. Ndivyo mkataba ulivyo. Kwa hivyo, kabla ya kuondoka kwa wakala, uliza swali moja: "Nikianguka peke yangu, nani atatengeneza pikipiki yangu?" Jibu lake litakuonyesha ulichonunua.

Kadhalika, hakikisha kwamba bima ni ya kweli. Taarifa za stika za kielektroniki huweza kuhakikiwa katika mfumo wa TIRA MIS kwa kutumia namba ya usajili wa pikipiki, ile inayoanza kwa herufi MC. Ikiwa namba yako haionekani, rudi kwa aliyekuuzia siku hiyo hiyo na risiti yako mkononi.

2. Saa za mwanzo baada ya ajali

Uhai hutangulia mali. Majeruhi wapelekwe hospitali kwanza, na fomu ya polisi namba 3, maarufu kwa jina la PF 3, ishughulikiwe ili matibabu yao yawe na kumbukumbu ya kisheria. Baada ya hapo yafanyike mambo yafuatayo:

(a) Polisi wa usalama barabarani wapewe taarifa mapema, na ikiwezekana vyombo visiondolewe kabla hawajapima na kuchora eneo la ajali. Pale ambapo ni lazima kuviondoa ili kuokoa maisha, picha zipigwe kwanza, hata kwa simu ya mkononi.

(b) Yaandikwe majina na namba za simu za dereva wa pili na za mashahidi, namba ya chombo chake, jina la kampuni yake ya bima na tarehe ya mwisho ya bima hiyo.

(c) Kampuni yako ya bima ipewe taarifa kwa simu na kisha kwa maandishi. Mikataba huweka muda wa kutoa taarifa; soma wako sasa, usingoje ajali.

(d) Usikiri kosa wala usiahidi malipo barabarani. Mikataba ya kawaida hukataza mwenye bima kufanya mapatano bila idhini ya kampuni, na tabia ya "kuyamaliza" papo hapo kwa noti chache huacha mtu bila ripoti ya polisi na bila dai.

Baadaye, upelelezi ukikamilika, polisi hutoa taarifa ya ajali katika fomu PF 90. Hiyo, pamoja na ripoti ya ukaguzi wa chombo na mchoro wa eneo, ndiyo mihimili ya dai.

3. Haraka ya hesabu na hatari yake

Waendeshaji wengi si wamiliki. Mmiliki hununua pikipiki, akamkabidhi kijana kwa mkataba. Kijana hupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na muda uliokubaliwa ukitimia pikipiki huwa yake. Mpango huu umewapa wengi kazi na mali. Lakini pikipiki ikiwa imelala gereji, hesabu haingiji mtu apone. Kijana aliyelipa miezi kumi na kubakiwa na miwili anaweza kunyang'anywa chombo kwa sababu ya wiki tatu za kutolipa.

Khofu hiyo ndiyo inayomkimbiza kwa fundi asubuhi ya pili. Rimu iliyopinda hutupwa, taa iliyovunjika hubadilishwa, tangi hunyooshwa. Mkaguzi wa kampuni anapofika hukuta pikipiki nzima na karatasi ya fundi. Hana cha kukagua. Kampuni nayo ina haki ya kuuliza: nitajuaje kwamba rimu hii ilivunjika katika ajali hii? Hapo haraka ya kuokoa hesabu ya siku chache imepoteza fidia ambayo ingelipa matengenezo yote.

Ifahamike pia kwamba, isipokuwa mkataba umeandika vinginevyo, bima kubwa hulipa uharibifu wa chombo tu. Hailipi kipato kilichopotea wakati chombo kimelala. Kwa sababu hiyo dawa ya tatizo hili haimo katika bima peke yake. Imo pia katika mkataba baina ya mmiliki na mwendeshaji, kama itakavyoelezwa katika sehemu ya nane.

Kanuni ni moja: spana isiguse pikipiki mpaka ikaguliwe, au kampuni itoe ruhusa kwa maandishi. Ukilazimika kuihamisha, ihamishe ilivyo, na kila kipande kilichovunjika kihifadhiwe.

4. Makadirio ya matengenezo

Makadirio ni maelezo ya fundi, kabla ya kazi kufanyika, juu ya kilichoharibika, kitakachofanywa na gharama yake. Huandikwa katika ankara kifani, ambayo wengi huiita profoma. Si risiti, wala si ahadi ya malipo. Ni ushahidi, na ushahidi mbaya hudhoofisha dai zuri.

Makadirio yanayofaa huwa na mambo haya:

(a) Jina la gereji, mahali ilipo, namba ya mlipakodi, tarehe na sahihi ya fundi.

(b) Namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini na aina ya pikipiki.

(c) Kila kipuri katika mstari wake na bei yake. Maneno kama "matengenezo ya mbele, jumla" hayatoshi.

(d) Maelezo kama kipuri kitanyooshwa au kitabadilishwa, na kama kipya ni halisi cha kiwanda au ni cha aina nyingine.

(e) Gharama ya ufundi na ya rangi, zikitengwa na bei za vipuri.

(f) Uchakavu wa zamani uachwe nje. Tairi iliyoisha na cheni iliyolegea kabla ya ajali si mzigo wa bima. Kuziingiza humfanya mkaguzi atilie shaka hata yale ya kweli.

Kampuni huweza kuomba makadirio ya gereji zaidi ya moja, na huweza kumtuma mkadiria hasara, yaani mtaalamu wa kupima uharibifu na gharama zake. Mpe nafasi, mwonyeshe kila kitu, na uwepo wakati wa ukaguzi pamoja na fundi wako. Aghalabu uharibifu mwingine haujitokezi mpaka pikipiki ifunguliwe, kama vile ufa katika fremu au hitilafu ndani ya injini. Hapo fundi asimame, apige picha, aandike makadirio ya nyongeza na kungoja kibali kabla ya kuendelea. Nyongeza iliyoletwa baada ya kazi kwisha ni vigumu kulipwa.

5. Hesabu ya fidia

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia, si bei za soko. Pikipiki ya Katoro, yenye bima kubwa ya thamani ya shilingi 2,500,000, imegonga ng'ombe usiku. Makadirio yaliyokubaliwa ni haya: rimu ya mbele 90,000, shokapu za mbele 180,000, taa na indiketa 70,000, usukani 35,000, kunyoosha na kupaka rangi tangi 60,000, ufundi 65,000. Jumla ni shilingi 500,000.

Karibu kila mkataba una sehemu ya hasara ambayo mwenye bima huibeba mwenyewe. Tuseme mkataba huu unasema ni asilimia 10 ya dai, au shilingi 100,000, kile kilicho kikubwa. Asilimia 10 ya 500,000 ni 50,000, hivyo atabeba 100,000. Kampuni italipa 400,000. Mwenye pikipiki asiyejua hili hudhani amekatwa kwa dhulma.

Sasa tuseme mwenye pikipiki, ili apunguze ada, aliandikisha thamani ya shilingi 1,500,000 ilhali pikipiki ina thamani ya 2,500,000. Amekata bima ya asilimia 60 tu ya mali yake. Ikiwa mkataba una kifungu cha uwiano, kampuni itahesabu asilimia 60 ya 500,000, yaani 300,000, kisha iondoe 100,000. Atapata 200,000. Unafuu wa ada ya mwaka umemgharimu mara mbili siku ya shida.

Gharama ya matengenezo ikikaribia thamani ya pikipiki, kampuni huweza kuihesabu kuwa hasara kamili. Hapo hulipwa thamani ya pikipiki kwa hali iliyokuwa nayo wakati wa ajali, bila ya kuzidi kiwango kilichoandikwa, na si bei uliyonunulia dukani. Mabaki huwa ya kampuni, au huachiwa mwenyewe kwa kupunguziwa malipo. Uliza mabaki yamethaminiwa kwa kiasi gani kabla ya kutia sahihi.

6. Ukigongwa na chombo cha mtu mwingine

Aliyegongwa kwa kosa la mwingine hulipwa kutokana na bima ya aliyegonga, hata kama yeye mwenyewe ana bima ndogo tu. Dai hupelekwa kwa kampuni ya chombo kilichokosea, pamoja na ripoti ya polisi inayoonyesha kosa, nakala ya kadi ya pikipiki, leseni ya udereva, makadirio na picha. Huyu naye asitengeneze kabla ya ukaguzi. Mkataba wa aliyegonga huwa na kikomo cha malipo ya mali. Kinachozidi hudaiwa mhusika mwenyewe.

Katika barabara ya Isaka hadi mipakani, lori laweza kuwa la nchi jirani. Vyombo vya nchi zilizo katika mpango wa Kadi ya Njano ya COMESA hubeba kadi hiyo kama uthibitisho wa bima ya mtu wa tatu nje ya nchi zao. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imeendelea kushiriki katika mpango wa Kadi ya Njano. Kwa hivyo usiliache lori la kigeni liondoke kwa kudhani hakuna wa kumdai. Andika namba ya kadi hiyo, nchi na kampuni iliyoitoa, kisha uiulize TIRA pa kupeleka dai.

7. Mambo yanayovunja dai

Mengi ya madai hukwama kwa sababu zinazoweza kuepukwa. Kwanza ni matumizi: pikipiki iliyoandikishwa kwa matumizi binafsi ikabeba abiria au mizigo kwa malipo, kampuni yaweza kukataa. Anayebeba viroba vya mawe kutoka machimboni aseme hivyo wakati wa kukata bima. Pili ni leseni: mwendeshaji awe na leseni hai ya daraja la pikipiki. Tatu ni mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, na kuendesha kwa ulevi. Nne ni umiliki: pikipiki iliyouzwa bila kubadilisha jina katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato huleta mvutano juu ya nani alipwe. Tano ni uongo. Kuongeza kipuri kimoja kisichovunjika, au kusogeza tarehe ya ajali ili ilingane na bima iliyokatwa baadaye, huweza kuangusha dai lote na kumfikisha mtu mahakamani.

8. Dai likichelewa au likikataliwa, na namna ya kujitayarisha

Kila karatasi unayopeleka iwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na dai ni mali. Likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba kilichotumika, kisha ujibu kwa barua kwa uongozi wa kampuni. Usiporidhika, nenda TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake imetokana na Sheria ya mwaka 2009. Mahakama ibaki ya mwisho, lakini usilale: kwa sheria ya ukomo ya Bara, dai la mkataba lina miaka 6 na dai la madhara yaliyotokana na uzembe lina miaka 3.

Usitie sahihi hati ya kukubali malipo kabla ya kuisoma. Hati hiyo kwa kawaida husema kwamba umelipwa yote na huna dai tena.

Mwisho, mmiliki na mwendeshaji waandikiane mambo manne katika mkataba wao: ni bima gani itakatwa na nani atalipa ada, nani atabeba sehemu isiyolipwa na kampuni, hesabu itasimama au itapungua kwa kiasi gani wakati pikipiki inangoja ukaguzi na matengenezo, na fidia ya hasara kamili itagawanywa vipi kwa kuzingatia hesabu zilizokwisha kulipwa. Jambo la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Kijana anayejua kwamba hatanyang'anywa chombo kwa kungoja mkaguzi atangoja, na kwa kungoja kwake mmiliki naye atalipwa.

Maswali ya kujipima

1. Mwendeshaji mwenye bima ndogo ameanguka peke yake. Nani atatengeneza pikipiki yake?

2. Makadirio ni shilingi 1,200,000, na mwenye bima hubeba asilimia 10 au shilingi 100,000, kile kilicho kikubwa. Kampuni italipa kiasi gani?

3. Fundi amegundua ufa katika fremu baada ya kufungua pikipiki. Afanye nini kabla ya kuendelea?

Majibu: (1) Mwenyewe, kwa fedha zake. (2) Shilingi 1,080,000. (3) Asimame, apige picha, aandike makadirio ya nyongeza na kungoja kibali cha kampuni.

Wananchi wanaombwa kulisoma somo hili pamoja na wale waliowakabidhi vyombo vyao, na kuutoa mkataba wa bima kabatini wakausome kabla ya haja kutokea.